Alama Moja Kati ya 44 na 45

Jana jioni, nikisahihisha karatasi za hisabati za Kidato cha Nne nyumbani kwangu Mbagala, nilimpa mwanafunzi mmoja 44 na mwenzake 45, kisha nikakaa kitambo na kalamu nyekundu mkononi. Kwa madaraja tunayotumia, 30 hadi 44 ni D, na 45 hadi 64 ni C. Hivyo wa 45 anahesabiwa sawa na mwenye 64, ilhali yule binti wa 44, aliyesahau alama ya kutoa katika mstari wa mwisho wa mlinganyo, anawekwa pamoja na mwenye 30.

Mantiki fazi (fuzzy logic), yaani mantiki ya mipaka isiyo mikali, iliyoanzia kwenye nadharia ya seti ambayo Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliitoa mwaka 1965, haina ukuta wa namna hiyo. Kitu kinaweza kuwa ndani ya seti mbili kwa pamoja, kila moja kwa kiasi chake, kati ya 0 na 1. (Hunifurahisha kwamba Ebrahim Mamdani, aliyeitumia jijini London katika miaka ya 1970 kuongoza injini ya mvuke kwa kanuni za maneno ya kawaida, alizaliwa Tanzania.)

Nilijaribu daftarini. Tuseme udhaifu unaanza kupungua kwenye 40 na kwisha kwenye 50, na kiwango cha wastani kinapanda kutoka 0 hadi 1 kati ya alama hizo hizo: 44 ni dhaifu kwa 0.6 na wastani kwa 0.4, na 45 ni nusu kwa nusu. Kanuni zikawa mbili: mtihani ukiwa wa wastani na mazoezi mazuri, ufaulu ni 65, mtihani ukiwa dhaifu na mazoezi mazuri, ufaulu ni 50. Kwa kuwa mazoezi ya wote wawili ni mazuri kabisa, kila kanuni inahesabiwa kwa kiasi chake: binti anapata 0.4 × 65 + 0.6 × 50 = 56, mwenzake 57.5. Tofauti yao imebaki ndogo, kama ilivyo kweli.

Hata hivyo, mipaka ya 40 na 50 nimeichagua mwenyewe, na mwalimu mwenye upendeleo anaweza kuisogeza apendavyo. Ndiyo maana naamini kanuni hizi ziandikwe kabla ya mtihani, zibandikwe ubaoni, na mzazi yeyote aweze kuzikokotoa. Jumatatu napeleka daftari kwenye kikao cha idara, tuamue kwanza kama tuanzie 40 au tushuke hadi 35.