Unga wa moto kutoka mtoni

Jamani, leo nimeingia kwenye kile kinu cha maji cha Winchester, Uingereza. Mngurumo wake bado uko masikioni.

Jengo limekaa juu ya mto Itchen kwenyewe, maji yanapita chini ya sakafu. Kinu cha hapa kimetajwa kwenye Domesday, daftari la mali za ufalme la mwaka 1086! Jengo la sasa ni la miaka ya 1740, na tangu 1928 linatunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale.

Ila kilichonishika ni mawe.

Yako mawili. La chini limetulia tuli, la juu ndilo linalozunguka. Yote yamechongwa mifereji inayokata punje na kusukumia unga pembeni.

Nimekinga kiganja unga ukitoka.
Una joto!
Joto la msuguano tu, moto hakuna.

Wasagaji wa zamani waliupima hivyo hivyo, wakiusugua kwa kidole gumba. Ukiwa wa moto sana, walijua mawe yamekaribiana mno, wakayaachanisha kidogo. Ustadi ulioje!

Nani hapa amewahi kuona kinu cha maji kikisaga? Mto gani? Nisimulieni.