Wamerudiana au wamekosa pa kwenda?

Leo siku ya tano tangu shangazi aniambie lile neno na bado linanichoma palepale. Wiki yenyewe imekuwa na mambo mazito, mdogo wangu kajifungua mapacha, wote wazima, na kazini wametangaza idara yetu inaunganishwa na ile ya ghorofa ya juu, lakini nikijilaza usiku siwazi mapacha wala idara, namsikia shangazi tu.

Ilikuwa hivi. Nilimtumia sura tatu za mwisho za stori ya fundi na dereva, nikakaa siku mbili roho juu, halafu akapiga mwenyewe.

"Nimemaliza."

"Umeonaje shangazi?"

"Nimecheka. Pale pa suti nimecheka mpaka machozi."

"Na mwisho je?"

Hapo akanyamaza. Sio kimya cha mtandao kukatika, nilikuwa namsikia anapumua.

"Mwisho... hivi wale wamerudiana, au wamekosa pa kwenda?"

Nikamwambia wamerudiana shangazi, si umeona mwenyewe asubuhi wametoka wameshikana mikono. Akasema haya mwanangu, kama wamerudiana basi vizuri, ngoja nikaanue nguo. Akakata.

Sasa nyie mnaomjua shangazi kupitia humu mnajua haya yake ziko mbili. Kuna haya ya kukubali, hiyo huwa anaivuta, haaaya. Na kuna haya ya kufunga mlango, fupi. Hii ilikuwa fupi. Nimeirudia kichwani wakati napiga mswaki, nimeirudia kwenye kikao cha kutangaziwa kuunganishwa idara mpaka jirani yangu akanigusa kiwiko, nimeirudia hospitali nimembeba pacha mmoja mikononi, Mungu anisamehe.

Nilichokuwa nimeandika mnakijua karibu chote. Mji mdogo, daraja moja, basi moja la kutoka na kuingia. Fundi cherehani alimshonea mchumba wake suti ya harusi kwa mkono, na mchumba akapanda basi siku mbili kabla ya harusi akapotea miaka tisa. Suti ikabaki inaning'inia dukani. Fundi hakuichoma, hakuilaani, aliiweka ya kukodisha, na kwa miaka tisa kila mwanaume wa mji ule kaolewa... samahani, kaoa ndani ya suti ile, wengine mara mbili. Halafu mchumba anarudi, ndo dereva mpya wa basi, na kila abiria wa kiume anayepanda anamwangalia mabega kwa macho ya mtu anayeijua saizi yake. Hapo ndo shangazi alipocheka. Kisha mvua kubwa, daraja linabomoka, basi limekwama, nyumba ya wageni imejaa, dereva anakuja kujibanza dukani kwa fundi, usiku wanaongea, anajaribu suti, asubuhi wameshikana mikono.

Mi niliipenda hiyo mvua. Niliifanyia kazi wiki tatu.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilikasirika kabisa. Nikawa najibizana na shangazi kichwani. Kwani stori za namna hii si ndo zinavyokwenda? Mji ukiwa mdogo ndo raha yake, watu walioachana hawawezi kukwepana, mkikosana asubuhi mchana mnakutana foleni moja na nyuma yenu kuna mama anayekumbuka mliachana tarehe ngapi na ulivaa nini. Kwenye jiji ukiachana na mtu unabadilisha njia ya kwenda kazini basi. Mjini kwa fundi wangu njia ni moja. Ucheshi wote unatoka hapo, kila mtu ni shahidi na kila shahidi ana maoni yake. Na mwandishi lazima awe na kitu cha kuwarudisha watu mahali pamoja, nyumba ya urithi, msiba, harusi ya rafiki, gari kuharibika. Hata Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alifanya hivyo. Kwenye riwaya yake Persuasion, ile iliyotoka mwishoni mwa 1817 mwenyewe keshafariki, binti anayeitwa Anne alimwacha mchumba wake Wentworth akiwa na miaka 19 kwa ushauri wa mama mmoja aliyekuwa kama mlezi wake, na miaka nane baadaye baba yake Anne madeni yamemzidi, anapangisha nyumba ya ukoo, na mpangaji anayekuja mkewe ni nani? Dada yake Wentworth! Kati ya wapangaji wote wa Uingereza. Hakuna aliyemwambia Austen hawa wamekutana kwa sababu ya nyumba ya kupanga. Basi na mimi niachieni mvua yangu.

Hivyo ndo nilivyokuwa najitetea, na nilikuwa najitetea vizuri, ila usiku wa tatu nikafungua tena kile kitabu nikitafuta ushahidi zaidi dhidi ya shangazi, toleo langu lina kiambatisho mwishoni ambacho sikuwahi kukisoma kwa makini. Nikakisoma. Ikabidi nikae kitako kitandani.

Austen alikuwa na mwisho mwingine. Aliuandika Julai 1816, na kurasa zake zipo mpaka leo, ziko British Library, maktaba ya taifa kule London, ndo kurasa pekee za mkono wake zilizobaki kutoka kwenye riwaya zake alizozimaliza kwa ajili ya kuchapishwa. Kwenye mwisho ule wa kwanza, Admirali, ofisa mkubwa wa jeshi la majini, ndo yule mpangaji, anakutana na Anne njiani, anamwingiza nyumbani kwake, na ndani yumo Wentworth. Admirali kasikia uvumi Anne anaolewa na binamu yake na labda watataka nyumba yao irudi, kwa hiyo kamtuma Wentworth aulize. Maskini Wentworth anauliza kuhusu mkataba wa nyumba huku moyo unamwenda mbio, Anne anasema hapana, hakuna ndoa, wanatazamana, yamekwisha. Inachekesha, na mimi ningeuacha ulivyo. Lakini Austen hakuupenda. Aliukata, na mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo akawa kashaandika mwingine.

Na ukiiweka miisho hiyo miwili pembeni kwa pembeni unaona alichokikataa. Wa kwanza, watu wawili wametiwa chumba kimoja na mtu wa tatu, wakalazimika kuongea. Wa pili, hotelini, chumba kina watu wanaingia na kutoka, Wentworth yuko mezani anaandika barua kwa niaba ya mtu mwingine, Anne yuko dirishani anabishana na rafiki yake Wentworth nani anapenda muda mrefu zaidi matumaini yakishakwisha, mwanaume au mwanamke. Wentworth anasikia. Hakuna aliyemfungia mlango. Anamaliza kuandika, anaondoka na rafiki yake, ametoka KABISA, halafu anarudi peke yake, anadai kasahau glavu, anatoa barua nyingine chini ya karatasi, anaiweka mbele ya Anne, anachukua glavu, anaondoka tena.

Alikuwa na mlango, akautumia, akarudi.

Nililia kidogo pale kitandani, si kwa huzuni. Kuna furaha ya kuona mtu wa miaka mia mbili iliyopita alikwama penye tope lilelile ulilokwama wewe, na ilimchukua wiki chache tu kujinasua. Nikakumbuka pia zile komedi za Marekani za miaka ya 1930 na 1940, zinazohusu watu walioachana wakarudiana, mwanafalsafa Stanley Cavell aliziandikia kitabu kizima mwaka 1981 akaziita komedi za kuoana tena. Nyingi zina mchumba mpya, mtu wa heshima zake, yuko tayari, anasubiri. Mi siku zote nilidhani huyo mchumba mpya yupo wa kuchekwa tu. Kumbe ndo daraja lisilobomoka. Lazima kuwe na pa kwenda ili kurudi kuhesabike.

Asubuhi nikampigia shangazi. Sikuwa nimepanga kumuuliza, nilitaka kumwambia tu kwamba nimemwelewa, lakini mdomo ukatangulia.

"Shangazi, we ulimpokea kwa nini?"

Historia ya shangazi na mumewe nilishaiandika humu, sitairudia yote. Mumewe aliondoka, akakaa miaka sita, akarudi hana kazi na begi moja, na familia nzima ikasema huyu kakosa pa kwenda ndo maana. Mama alisema. Mimi mwenyewe nilisema, sio kwa sauti lakini nilisema.

Shangazi hakushtuka hata.

"Alikuwa na ndugu watatu wenye vyumba vitupu," akasema. "Na dada yake alishamtumia nauli. Akatumia ileile nauli kuja kwangu. Nikamwacha barazani mpaka jioni nione kama ataondoka."

"Hakuondoka?"

"Aliondoka. Akaenda kununua balbu, ya barazani ilikuwa imeungua. Akarudi akaifunga, akakaa."

Halafu akacheka, kicheko chake kile cha puani, akasema sasa we mwanangu mvua ya nini.

Jamani. Miaka yote hiyo tunadhani tunamjua. Mi nimeandika kuhusu ndoa yake mara nne humu na sijawahi kumuuliza hata mara moja, niliichukua kwa watu wazima wengine nikaibeba ilivyo. Sijui kama lile swali lake la mwisho wa stori lilikuwa la fundi na dereva peke yao au lilikuwa na jingine ndani, na sikumuuliza hilo, lakini najua mtu aliyeambiwa maneno yaleyale nyuma ya mgongo wake kwa miaka ana haki ya kuyatumia anapotaka.

Basi nimeitoa mvua. Wiki tatu za kazi, nimezifuta, na sijutii. Nyumba ya wageni nayo nimeifungua, kuna vyumba, kuna kitanda kimetandikwa na mwenye nyumba ya wageni ameudhika kwamba dereva hajaja kulala. Daraja liko zima. Basi linaondoka saa kumi na mbili kamili na dereva kapata barua ya kuhamishiwa njia nyingine kubwa zaidi, mshahara mzuri, anaweza asirudi na hakuna atakayemlaumu kwa sababu mji mzima ulishamlaumu miaka tisa na umechoka. Abiria wamekaa. Injini inaunguruma. Fundi anatoka dukani na suti kwenye hanga, anampa kupitia dirisha la dereva, anamwambia ni yako, nimechoka kuikodisha. Hamwombi abaki. Abiria wa kiume wote wanaiangalia ile suti inavyoondoka kama wanasindikiza ndugu, mmoja anauliza sasa mdogo wangu ataolea nini mwezi ujao.

Na basi linaondoka. Hapa shangazi akisoma nataka anyamaze kile kimya chake, kwa sababu nimemwachia dereva mlango wazi kabisa, na fundi anarudi ndani anaendelea kushona sare za shule.

Kesho yake jioni basi linaingia. Linaendeshwa taratibu kuliko kawaida. Dereva kavaa suti, mikono imefupishwa kwa sababu miaka ile kuna bwana harusi mfupi aliomba ipunguzwe, na begani kuna mshono ambao sio wa fundi, mtu aliichana akaiparazia sindano akidhani haitaonekana, na fundi anauona kabla hajauona uso. Jambo la kwanza anamwambia ni "nani kakushonea hapo?" Nimeishia hapo kwa sasa. Bado sijajua dereva anajibu nini, nimejaribu majibu saba, yote ni mazuri mno, yanasikika kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njiani. Labda aliyafanyia mazoezi kweli, safari ni ya siku nzima. Ila nadhani akimwona tu yatamtoka, atasema jina la yule bwana harusi mfupi na wote wawili watacheka, na mama wa foleni atasikia kicheko kabla ya kuona chochote na habari itafika sokoni kabla yao.

Nimemtumia shangazi jana usiku. Meseji imesomwa saa nne na dakika kumi, hajajibu. Sina wasiwasi na hilo kama nilivyokuwa juzi, akijibu atajibu, anaweza kuwa kwa mapacha, alisema ataenda kumsaidia mdogo wangu kuwaogesha watoto.

Kinachonikosesha raha sasa hivi ni mwanangu. Jioni hii nimemkuta anasoma kitabu cha shule amekishika karibu na pua, nikamwambia kaa vizuri, akakaa vizuri, baada ya dakika mbili kichwa kimerudi palepale. Nikamuuliza ubaoni unaona? Akasema naona nikikaa mbele. Nikamuuliza huwa unakaa wapi, akasema nyuma, na rafiki yake ndo anamsomea. Tangu lini? Akapandisha mabega. Sijui ni muda gani mtoto wangu anasomewa ubao na mtoto mwenzake na mimi niko hapa nahangaika na suti ya mtu. Kesho naomba ruhusa kazini nimpeleke akapimwe macho.