Nilivyomwekea baba mipaka ya kuendesha gari bila kugombania ufunguo

Kila aliyenishauri kuhusu Baba alianza na ufunguo. Ufiche, utupe chooni, mpe jirani akutunzie. Dada yangu wa Kampala akasema tuliuze gari kabisa, utadhani alilinunua yeye. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi na dereva wa matrela aliyestaafu. Mimi naishi naye, hapa Malaba, upande wa Uganda.

Mzee alipiga njia ya Mombasa–Kampala tangu enzi za kuvuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls. Lile daraja jipya la Jinja lililofunguliwa 2018 analiita la watoto. Ana kisukari cha kuchoma insulini, na macho yameanza kufifia. Paamiti yake, yaani leseni ya udereva, lakini haikuwa na doa: miaka 5, na fomu ya daktari ilipigwa muhuri na zahanati moja ambayo haikumwangalia jicho hata moja. Walimuuliza kama anaona, akasema anaona, wakapokea pesa yao.

Kilichonitisha si umri. Jioni moja alikuwa anatoka Tororo, akaipita njia ya kuingia nyumbani bila kukata kona, akaenda kujipanga kwenye foleni ya matrela yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Corolla nyeupe, mbele trela, nyuma trela. Foleni iliposogea na Corolla isisogee, dereva wa nyuma akashuka kwenda kumtukana. Akamkuta Mzee amelowa jasho, anamwambia asiwe na haraka, karatasi za mzigo ziko kwa wakala wa forodha. Yule kijana, Mungu ambariki, mama yake ana kisukari. Akajua sukari imeshuka, akamnywesha soda, akakaa naye mpaka akili ikarudi.

Sasa ushauri wa Baba Mdogo. Yeye alisema usiguse ufunguo, toa rota kwenye distribyuta, kile kidude kinachogawa umeme kwa plagi, atadhani gari limechoka lenyewe. Nikaona hiyo ndiyo akili. Usiku nikafungua boneti kwa mwanga wa simu, nikalegeza zile klipu mbili, nikachomoa rota, nikarudisha kifuniko vilevile nilivyokikuta, rota nikaizika kwenye kopo la unga wa muhogo. Nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi Mzee akapiga stata. Akapiga tena. Ya tatu hakupiga. Akashuka taratibu, hakugusa betri, hakugusa plagi, akaiendea distribyuta kama mtu anayetafuta kiberiti kwenye mfuko wa shati lake. Akafungua, akachungulia, akafunga.

"Leta rota yangu."

Nikasema huenda ni panya.

"Panya gani huyo, anafungua klipu, anakula rota, halafu anarudisha kifuniko?"

Mama jikoni alicheka mpaka chai ikafurika. Kwa aibu sikuitoa. Mzee akapanda bodaboda mpaka duka la spea, akarudi na rota mbili, moja ya gari na moja ya mfuko wa koti. Hiyo ya mfukoni anatembea nayo mpaka leo. Ile ya kwenye unga Mama alikutana nayo akisonga ugali. Na wiki hiyo Mzee aliendesha kuliko kawaida yake, usiku hasa, ili nijue.

Nikajaribu hoja. Nikamsimulia kuhusu Prince Philip, mume wa Malkia wa Uingereza, aliyepata ajali karibu na Sandringham Januari 2019, gari likapinduka, na mwezi uliofuata akarudisha leseni yake mwenyewe. Mzee alisikiliza vizuri, kisha akauliza alikuwa na miaka mingapi. Nikasema 97. "Kumbe nina miaka ishirini na kitu mbele yangu," akasema, akaenda zake.

Kilichofaulu nilikitoa mdomoni mwake mwenyewe. Mzee haamini madaktari wala watoto wake, lakini ukaguzi wa kabla ya safari anauamini kuliko kitu chochote. Kila tanboi, yaani utingo, aliyepita mikononi mwake anajua: oili, maji, upepo, breki, taa, ndipo injini iwashwe. Nikamwambia nataka kuwa tanboi wake, anifundishe. Alifurahi mpaka nikamwonea huruma. Nikachora daftari: oili, maji, upepo, breki, taa, sukari, macho. Alipofika kwenye sukari alinitazama juu ya miwani. Mimi nikawa natazama tairi.

Namba za sukari za kuandika humo sikuzitunga. Uingereza, dereva wa insulini huambiwa apime ndani ya saa 2 kabla ya kuondoka, na kila saa 2 akiwa njiani. Juu ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), nenda. Imefika 5 au chini yake, kula kwanza. Chini ya 4 gari halitoki, na hata sukari ikipanda ikawa sawa unasubiri dakika 45, kwa sababu ubongo huchelewa kukaa sawa kuliko damu. Mashine yako ikisoma 90 usikimbilie hospitali, ni ile 5 kwa kipimo kingine, mg/dL. Mzee alibisha kwamba mwili wake humwambia. Nikamtajia foleni ya matrela tu, akanyoosha kidole nikitoboe. Mtu aliyekaa na insulini miaka mingi, mwili unaweza kuacha kumwonya. Jasho na kutetemeka vinakuja ameshapotea.

Macho yalikuwa na vita yake. Waingereza hao hao wanataka dereva asome namba ya gari kwa umbali wa mita 20. Nikapima kwa kamba kutoka mlangoni. Mzee akasoma namba ya jirani, ya mchungaji, ya takisi za stendi, zote bila kukosea. Nikaanza kufikiri mimi ndiye mwenye kuhitaji miwani. Siri ilifichuka jirani alipobadilisha gari: Mzee akasoma kwa sauti kubwa namba ya lile lililokwisha kuuzwa. Alikuwa amekariri mtaa mzima!

Ndiyo faida ya kukaa Malaba. Tukatoka tukasimama barabarani, matrela yanapita ya Kenya, ya Rwanda, ya Kongo, ya Sudan Kusini, hayo nani atayakariri? La kwanza alibahatisha. La pili akanyamaza. Halafu akasema mwenyewe, twende tukaoneshe haya macho. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, likafanyiwa upasuaji na sasa anasoma gazeti. La kushoto ni presha ya macho. Hiyo hula pembeni bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi, unabakia kuzuia kisiendelee.

Kwa hiyo sasa anaendesha mchana, humu mjini na kanisani. Usiku hapana, na kwenda Tororo naendesha mimi, yeye anakaa kushoto anafoka kuhusu gia zangu.

Wapo wanaosema serikali iwazuie wazee wote tu. Japan, mwenye miaka 75 na zaidi hupimwa kumbukumbu anapohuisha leseni. Wanampima, hawamtimui kwa sababu ya mwaka wa kuzaliwa. Kwetu paamiti ya mwaka 1 ipo. Ningekuwa na sauti, mwenye insulini au presha ya macho angepewa hiyo tu, tena kwa daktari anayepima kweli. Binamu yangu hajafika 40, ana kifafa na anaendesha takisi ya abiria. Huyo ndiye ninayemwogopa, na hakuna anayenishauri nimfichie ufunguo.

Mashine ya sukari ilikuwa laki na kidogo, stripu ndizo zinazomaliza pesa, nunua mahali pamoja ili ukizoeleka wakupunguzie. Usiziache ndani ya gari, joto huziharibu na zitakupa namba za uongo. Ndani ya gari weka soda yenye sukari. Si zile za bila sukari, ambazo Dada alituletea kreti nzima kutoka Kampala.