Ukikamatwa na Kawunyemu, pigania kipimo, usipiganie kizuizi

Kila mara polisi wa Kampala wakiweka kizuizi cha usiku cha Kawunyemu, yaani msako wa madereva walevi kwa kifaa cha kupimia pumzi, madereva huuliza: wana haki gani ya kunisimamisha nami sijakosa lolote? Swali ni zuri, ila kama utetezi halina nguvu. Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inalinda uhuru wa kwenda utakako, lakini ibara ya 43 inaruhusu uhuru huo uwekewe mipaka kwa manufaa ya umma. Serikali ndiyo yenye mzigo wa kuihalalisha mipaka hiyo, kama Mahakama ya Juu ilivyosema mwaka 2004 katika kesi ya mwanahabari Onyango-Obbo. Kwa ulevi barabarani, sidhani mzigo huo utailemea.

Wengine hutaja Kenya, ambako Januari 2017 Mahakama ya Rufani ilizitupa kanuni za Alcoblow, kifaa cha huko cha kupima ulevi kwa pumzi. Zilianguka kwa sababu hazikuoana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Vizuizi havikuwa tatizo.

Njoo kwenye kipimo. Kikomo Uganda ni miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu, yaani 0.08%. Kifaa hakioni damu. Hupima pombe iliyo kwenye pumzi kisha hukisia iliyo kwenye damu. Kuna vinavyozidisha pumzi kwa 2,300 na vingine kwa 2,100, hivyo pumzi yenye miligramu 0.35 za pombe kwa lita itasomeka 0.080 kwenye kimoja na 0.073 kwenye kingine. Sasa shika hati ya mashtaka. Ukikuta "0.40" tupu, wakili aulize: 0.40 ya nini? Ikiwa ni miligramu kwa lita ya pumzi, umevuka. Ikiwa ni gramu kwa lita ya damu, uko nusu ya kikomo.

Pombe iliyobaki mdomoni, au uliyoicheua, hupandisha namba. Ndiyo maana mtu husubirishwa dakika 15 bila kunywa kitu kabla ya kupuliza. Mrija uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Namba ya kifaa ilingane na iliyo kwenye cheti cha usahihi wake, na tarehe ya cheti isiwe imepitwa.

Usikatae kupuliza; utajitafutia kosa la pili. Ukitaka damu ipimwe, omba palepale. Mwili huondoa takriban miligramu 15 kwa kila mililita 100 kwa saa, kwa hiyo damu ya asubuhi haisemi uliendeshaje usiku. Ila kama umeshusha chupa ya mwisho sasa hivi, kiwango bado kinapanda, na kungoja kutakuumiza.

Kituoni, ibara ya 23 inataka uelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe wakili, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Dhamana ya polisi ni bure, hata wakikuambia vingine.

Wengi hukiri kosa asubuhi ili walipe faini warudi kazini. Kabla ya kujibu shtaka, omba nakala ya ushahidi: karatasi ya kipimo, cheti, maelezo ya askari. Mahakama ya Katiba ilishakubali kwamba haki ya kuuona ushahidi mapema ni sehemu ya kusikilizwa kwa haki. Ukishakiri, hayo yote hayaulizwi tena, na rufaa yako itahusu uhalali wa kukiri kwako, au uhalali na ukubwa wa adhabu tu.