Duara la sahani

Jana mjukuu kanipigia simu akiwa ndani ya treni ya umeme, anatokea Dar: "Babu, nani anakuja kunipokea?" Nikacheka peke yangu. Swali hilo lilishanikuta stesheni, mwaka 1957.

Mzee alikuwa anafundisha shule ya serikali hapa Dodoma. Kiti cha mwalimu mkuu kilikuwa wazi, na rafiki yake akikikaimu tangu mvua zikatike. Mara ikaja habari kwamba anahamishiwa mtu kutoka Tabora, tena kijana. Walimu wakawaka. Usiku wakajazana kwetu kumwandikia Bwana Elimu, yule ofisa wa elimu, kwa Kiingereza, wakibishana hadi kwenye nukta.

Kazi ikawa sahihi. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na TANU, na barua yenye majina mengi ilinuka siasa. Nani atangulie? Mmoja akasema watie sahihi kwa mduara, asijulikane wa kwanza wala wa mwisho. Mama akaombwa sahani. Ikafudikizwa juu ya karatasi, ikazungushiwa penseli, mimi nimeshika kandili. Ilikuwa ile ya bati tuliyolia mlenda wa karanga, na haikuoshwa sawasawa. Ilipoinuliwa, ukingo ulikuwa umeacha doa la mafuta, pana kama shilingi. Walimu wakasogea mmoja mmoja na kalamu ya kuchovya. Baba akangoja hadi mwisho. Zilibaki nafasi mbili. Akachukua yenye doa. Wino ukagoma, ukajikusanya matone matone. Jina lake likasomeka herufi ya mwisho tu.

"Mwalimu, rudia," rafiki yake akamwambia.

"Itakauka," baba akajibu.

Bwana Elimu alijibu kwa mstari mmoja na nusu: uhamisho uko palepale. Siku mgeni anashuka, hakuna mwalimu aliyekwenda stesheni. Baba akanipa baiskeli. "Kamchukulie mwenzetu sanduku. Pitia njia ya nyuma."

Mgeni akanisalimu "mbukwenyi", salamu ya Kigogo aliyoiokota garini, akaangaza huku na huku. "Walimu wenzangu wako wapi?" Nikamwambia wanasahihisha madaftari. Ilikuwa likizo.

Akanifundisha hesabu miaka miwili, na nisiwe mnafiki, alimzidi aliyekaimu. Aliyekaimu naye hakula tena kwetu.

Baba alipokuwa mtu mzima sana nilimuuliza kama aliliona lile doa. Akasema kandili lilikuwa linatoa moshi, hakuona vizuri.

Kandili nililishika mimi. Halikutoa moshi.