Ngazi Inayotekenya: Kufundisha Usalama wa Umeme Bwawani

Mwezi Julai, wakati wa ile baridi ya Mbeya inayowalazimisha wenye mabwawa kupasha maji moto, niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni kutazama pampu iliyokuwa ikipiga kelele. Kabla sijafungua zana zangu, mzee anayesafisha bwawa alinivuta pembeni akasema, "Fundi, hiyo pampu iache kwanza. Ngazi hii inatekenya mikono." Alikwisha kuwaeleza mafundi wawili kabla yangu, na wote walimjibu kwamba asiwe na wasiwasi kwa kuwa breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ni mpya. Niligusisha ncha moja ya mita kwenye ngazi ya chuma na nyingine kwenye kigae kilicholowa, ikasoma volti 38.

Kwa mtu mkavu aliyevaa viatu, volti 38 si jambo la kumtisha. Kwa mtu aliyelowa mwili mzima, ambaye ukinzani wake, yaani uwezo wa mwili kuuzuia umeme usipite, huweza kushuka hadi omu 1,000 au chini ya hapo, volti hizo zinaweza kupitisha mwilini takribani miliampea 38. Kiasi hicho kinatosha kukaza misuli, kumzuia mtu asiachie alichokishika na kumbana pumzi, na ndani ya maji mtu aliyekazwa misuli huzama hata kama moyo wake bado unapiga. Mzee yule alikuwa ameitambua hatari kwa viganja vyake, na kilichoniumiza ni kwamba hakusikilizwa kwa sababu yeye si fundi.

Chanzo tulikikuta kwenye chumba cha pampu. Maji yalikuwa yameingia kwenye boksi la nyaya za mota, na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umeliwa na kutu pale ulipofungwa, kwa sababu dawa ya klorini ilihifadhiwa humo humo na mvuke wake hula vyuma. Breka ilikuwa mpya kweli, lakini breka hulinda nyaya zisiungue. Haikutengenezwa kumlinda mtu. Jambo hili ndilo ninaloanza nalo katika mafunzo ya siku mbili ninayoyaendesha kwa mafundi wanaotoka Tukuyu, Makambako, Tunduma na hapa mjini, na ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote kueleweka. Huwa tunalipigia hesabu ubaoni: fimbo ya ethi iliyochimbiwa ardhini ikiwa na ukinzani wa omu 20, jambo linalowezekana kabisa udongo unapokauka mwezi Oktoba kabla ya mvua, laivu, yaani waya unaoleta umeme, ya volti 230 ikigusa chuma itasukuma ardhini ampea 11.5 tu. Breka ya ampea 20 haitashtuka, na chuma kitabaki na umeme mchana kutwa.

Kwa hiyo bwawa linahitaji kile kifaa ambacho mafundi wengi wamezoea kukiita ELCB, kinacholinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, waya wa kurudishia, na kukata mara tofauti inapofika miliampea 30. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara, ila fundi afahamu kwamba kitufe hicho hukipima kifaa chenyewe, hakiipimi ethi. Ethi hupimwa kwa mita yake, na ni vizuri ipimwe wakati wa kiangazi.

Kifaa hicho peke yake hakitoshi, kwa sababu lipo pia suala la kuviunganisha vyuma vyote pamoja, ambalo nimeona likirukwa hata na mafundi wazuri. Ngazi, vishikio, nondo za zege, mabomba ya chuma na gamba la mota vinapaswa kufungwa kwa waya wa shaba ili umeme ukivuja volti ya vyote ipande na kushuka pamoja, na mtu anayegusa viwili kwa wakati mmoja asikutane na tofauti ya volti. Kazi hii hufanywa kabla zege halijamwagwa. Baadaye ni kuvunja vigae.

Mchana tunatoka na chaki na futi. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60364, sehemu ya 702, eneo la bwawa hugawanywa kwa kanda kulingana na ukaribu wa maji: ndani ya bwawa ni kanda 0, mita 2 kutoka ukingoni ni kanda 1, na mita 1.5 zinazofuata ni kanda 2. Taa za majini hutumia volti 12 kutoka kwenye transfoma maalumu ya usalama, ambayo yenyewe huwekwa mbali na maji. Safari iliyopita, kijana mmoja alichora mstari wake wa mita 2 kwenye vigae, na mstari ukapita nyuma ya soketi ya friji ya vinywaji, ambayo tulipoipima ilikuwa mita 1.4 kutoka kwenye maji, yaani ndani ya kanda 1. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Siku ya pili sasa ninawaalika wasafishaji wa mabwawa pia, na ninawaweka mbele. Wao ndio watakaokuwapo mtu akinaswa, na wengi wangejitupa majini kumwokoa, wakanaswa naye. Tunafanya zoezi la kukimbilia mein swichi kwanza, kisha kumvuta mtu kwa ubao mkavu. Ile fimbo ndefu ya kuopolea majani, ambayo kila mtu huiwahi, mara nyingi ni ya aluminiamu.

Kwa yule mzee tulifunga waya mpya wa ethi, tukaunganisha ngazi na vishikio, tukaweka ELCB na kuihamisha klorini. Mita ikasoma sifuri. Mzee alivua kandambili, akashuka ngazi hadi maji yakamfika magotini, akaishika kwa mikono yote miwili, akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia sasa naweza kwenda kutazama pampu.