Police Story ya 1985 kwenye diski ya 4K: rekebisha TV kwanza

Wapenzi wengi wa filamu za ngumi Afrika Mashariki waliiona Police Story ya Jackie Chan kwenye kanda ya VHS ndani ya kibanda umiza, au baadaye kwenye DVD iliyobanwa muvi kumi ndani ya diski moja. Filamu yenyewe ilipigwa kwa umbo pana la 2.35:1. Kanda nyingi za enzi zile zilikatwa ubavuni ili zijaze TV ya 4:3, na ukipiga hesabu, zaidi ya sehemu 4 kati ya 10 za upana wa picha zilitupwa. Kwa muvi nyingine hasara hiyo ingevumilika. Kwa hii haivumiliki, maana Jackie hupanga vichekesho na hatari pembezoni mwa fremu: adui wa tatu anaingia kutoka ukingoni wakati stelingi bado anahangaika na wawili wa kwanza, na kiti kitakachotumika kama silaha tayari kiko pale pembeni. Ukikata ubavu, pigo linaonekana limetoka hewani.

Ndiyo maana toleo jipya la 4K, yaani lenye nukta za picha mara nne ya Blu-ray ya kawaida, linastahili pesa yako. Lakini diski nzuri kwenye TV iliyoachwa na mipangilio ya dukani ni hela iliyopotea.

Tuanze na kununua. Diski za Blu-ray hufungwa kwa kanda za dunia: Marekani na Hong Kong ni A, Afrika na Ulaya ni B. Toleo la 2019 la Criterion, kampuni ya Marekani ya diski za filamu, lenye Police Story na Police Story 2 zilizosafishwa kwa 4K lakini zikawekwa kwenye Blu-ray ya kawaida, ni la kanda A. Deki iliyouzwa kwa soko la Dar au Nairobi italikataa, isipokuwa iwe imefunguliwa kanda. Diski za 4K hazina kufuli hilo, kwa hiyo matoleo ya 4K kutoka Uingereza yanacheza popote penye deki ya 4K. Soma lebo vizuri: PS4 haisomi diski za 4K, hata ile Pro. PS5 yenye mlango wa diski inasoma, na Xbox Series X yenye mlango wa diski pia.

Sasa TV. Adui mkubwa wa muvi hii ni ile huduma ya kulainisha mwendo, ambayo kila kampuni huipa jina lake na karibu TV zote hutoka kiwandani ikiwa imewashwa. Filamu ina picha 24 kwa sekunde. TV hubuni picha za katikati na kuzichomeka. Kwenye mapigano ya Hong Kong inaharibu mara mbili. Mafundi wa kule walizoea kupiga baadhi ya mapigo kwa kasi ya chini kidogo, kama picha 22 kwa sekunde, ili zikionyeshwa kwa 24 ngumi iwe na mkato. TV ikilainisha, mkato unayeyuka, na mikono inaacha ukungu nyuma yake. Izime kabisa. Kwenye deki, washa utoaji wa 24p, yaani picha 24 kwa sekunde kama filamu yenyewe. Punguza ukali wa picha hadi pale mistari myeupe pembeni mwa watu inapotoweka, zima kuokoa umeme, na chagua ukubwa wa picha usiokata kingo.

HDR, mfumo wa picha yenye mwanga na giza la upana zaidi, nayo ina mtego wake. TV ya bei nafuu huipokea lakini haina mwanga wa kuibeba, na picha inatoka giza. Usiongeze mwangaza ovyo hadi weusi ugeuke kijivu. Ingia kwenye deki, iambie itoe SDR, yaani picha ya mwanga wa kawaida. Utapoteza kidogo kwenye mng'ao wa taa, utapata nyuso.

Ukimaliza, jaribu na mwanzo wa filamu, magari yanaposhuka mlimani kupitia katikati ya kijiji cha mabanda. Tazama vumbi na mabati. Unatakiwa kuona chengachenga ndogo zinazotembea picha nzima, na hizo ni filamu yenyewe. Kama hazipo na ngozi za watu zinang'aa kama nta, ama TV yako bado inasafisha kelele, ama waliotengeneza diski wamesugua kupita kiasi. Ya kwanza inatibika kwa rimoti. Ya pili haina dawa.

Muda mfupi baadaye Ka-Kui, polisi anayechezwa na Jackie, ananing'inia kwenye basi la ghorofa kwa mwamvuli. Ule wa mbao ulikuwa ukiteleza, ikabidi utumike wa chuma. Kisha basi linasimama ghafla na watu wanatoka kupitia madirisha ya juu. Walipangiwa kuangukia gari lililo mbele. Basi lilisimama mapema mno, wakaangukia lami. Sasa picha ikiwa kamili unaliona pengo lenyewe kati ya basi na gari, na hakuna maelezo yanayoweza kushinda hilo.

Vichekesho navyo vinafaidika. Ka-Kui akihamishiwa kituo cha shamba, anabaki peke yake na simu zinazolia kwa pamoja, nyaya zinamzunguka shingoni, viti vya magurudumu vinamkimbiza huku na huko, na anakula tambi kwa penseli. Karibu kila kitu kinafanyika kwa mwili na nafasi, bila kukata picha ovyo. Hapa ndipo unapouona ukoo wake na Buster Keaton, mchekeshaji wa sinema za kimya, aliyedaka gari linalopita kwa mkono mmoja kwenye Cops ya 1922.

Fainali ya kwenye maduka ilipigwa usiku, baada ya wateja kuondoka. Vioo vilikuwa vya sukari, lakini vilifanywa vinene kuliko kawaida ili vipasuke kwa uzito, na watu wa kazi wakaibatiza filamu Glass Story. Jackie anaruka kutoka ghorofani na kushuka na nguzo iliyofungwa taa. Taa zile ziliunganishwa na umeme wa jengo, zikawa moto; aliungua viganja, akaumia mgongo na nyonga. Kuruka kwenyewe kulipigwa mara moja. Kuonekana mara tatu mfululizo ni uhariri wake wa makusudi, kwa hiyo usidhani diski imekwama.

Kwenye sauti, chagua Kikantoni cha mono, yaani sauti ya mkondo mmoja. Sauti zilizotandazwa kwa spika sita mara nyingi hubadilishiwa milio ya ngumi na vioo, na ile ya asili ndiyo iliyopangwa na mapigo. Midomo kutolingana na maneno si kosa: sinema za Hong Kong za wakati ule zilipigwa bila sauti, watu wakatia maneno studio. Maandishi ya Kiingereza huwa ya aina mbili, yanayofuata Kikantoni na yanayofuata sauti ya Kiingereza iliyotiwa baadaye. Ukiona Ka-Kui anaitwa kwa jina la Kizungu, badilisha.

Police Story 2 ya 1988 itafute ile ya dakika 122. Ya tatu, ya 1992, aliiongoza Stanley Tong, na humo ndimo Michelle Yeoh anarusha pikipiki juu ya paa la treni inayotembea. Hiyo ilirekodiwa sauti papo hapo, kwa hiyo midomo ikipishana na maneno, kagua ucheleweshaji wa sauti kati ya deki na spika zako.